Kiraka na Hadaa

Hapana methali iliyosingiziwa katika nyumba za kupanga kama ile isemayo kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye nyumba wa Mikumi huitaja anunuapo ndoo ya rangi ya maji, siku chache kabla ya dalali kumletea mpangaji mpya. Mpangaji naye huikumbuka siku ya kuhama, ashikapo kipande cha sabuni nyeupe cha kuzibia matundu ya misumari. Wote wawili hudhani wameitii. Kwa kweli wameiasi, maana methali ilisema kuziba, wala haikusema kuficha.

Aliyepata kukandika nyumba ya miti na udongo ajua kuziba ni nini. Kwanza ufa hukwanguliwa mpaka udongo uliolegea utoke wote. Kisha hunyweshwa maji, na udongo mpya, uliokandwa vema na kutiwa mchanga au majani makavu, husukumwa ndani kwa dole gumba mpaka ukatae kuingia. Kazi ikiisha mahali pale hutofautiana na ukuta uliobaki, na mgeni aingiaye hupaona. Hicho ndicho kiraka. Kiraka hutengeneza, na papo hapo hutoa habari kwamba hapa palipasuka na hapa pamezibwa. Rangi iliyopakwa juu ya ufa haitengenezi kitu, na habari yenyewe huizika. Ajabu ni kwamba watu huona haya kwa kiraka, wala hawaoni haya kwa rangi.

Mikumi ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia hupita kati yake, na hapo huchipuka njia ya Kidatu na Ifakara. Hifadhi ya wanyama, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko mlangoni pake. Katika mji wa namna hii watu hawakai sana. Mwalimu huhamishwa, askari huhamishwa, mhudumu wa nyumba ya wageni hufuata mshahara ulio bora, mchuuzi hufuata magari. Chumba kimoja huweza kuona wapangaji wengi katika miaka michache, na kila ahamaye huondoka na elimu ya chumba kile: pembe ipi huvuja, ukuta upi hulowa, fremu ipi imekwisha kuliwa. Elimu hiyo ilistahili kurithiwa na ajaye. Rangi huifuta, na ajaye huanza ujinga upya kwa fedha zake mwenyewe.

Hila zenyewe si nyingi, na zote ni rahisi. Kalenda hutundikwa juu ya ufa. Kapeti la plastiki hutandikwa juu ya sakafu iliyobomoka. Dari lililotiwa madoa na mkojo wa popo hupakwa rangi nyeupe, na popo wenyewe huachwa darini. Fremu iliyoliwa na mchwa hujazwa simenti, ikapigwa rangi ya mafuta, ikang'aa kama mpya. Mchwa haoni simenti kuwa kikwazo, huizunguka tu. Mji huu umepewa jina la mkumi, mti ambao wengine huuita mvumo, na ambao gogo lake husifiwa kwa kumshinda mchwa. Wazee waliochagua mti wa kujengea kwa kumfikiria mchwa wangalistaajabu kuona wajukuu wakimfichia mchwa chakula chake.

Lakini hila kubwa kuliko zote ni lipu ya saruji. Nyumba nyingi za wilaya ya Kilosa zimejengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyoshikanishwa kwa udongo, na ukuta uanzapo kuchakaa huvikwa saruji kama maiti avikwavyo sanda. Saruji ni ngumu, wala haiachi unyevu upite kwa wepesi. Udongo hunywa maji na kuyatoa, huvimba na kusinyaa. Viwili hivi havipatani. Maji yapandayo kutoka msingini hukosa mahali pa kutokea, hukusanyika nyuma ya lipu, huyeyusha chumvi iliyomo ukutani, na baada ya masika mawili matatu lipu hubanduka bamba zima, ikiondoka na uso wa matofali. Jambo hili si la Mikumi peke yake. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, wahifadhi wamelipigia kelele kwa miaka mingi, kwa kuwa kuta za mawe na chokaa ziliugua zilipovikwa saruji. Tofauti ni kwamba ukuta wa Zanzibar una watetezi wasomi, na ukuta wa chumba cha kupanga hauna mtetezi.

Kuna pia nyufa ambazo haziwezi kufichwa hata na mjuzi. Penye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa bonde la Mkata, ardhi huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na msingi usio na kina hupanda na kushuka pamoja nayo. Ufa wa nyumba iliyojengwa juu ya udongo kama huo u hai: hufunguka, hufumba, hufunguka tena. Unga wa jipsamu uliotiwa humo mwezi wa Agosti hutapikwa kabla mwaka haujaisha. Mpangaji aliyelipa mwezi wa Septemba, akiutazama ukuta laini kama karatasi, ameuziwa kiangazi.

Baya zaidi ni kufuta alama ya maji. Mto Mkondoa ulipofurika mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010, maelfu ya watu wa Kilosa walipoteza makazi, wengine wakakaa mahemani. Ukuta uliosimama katika mafuriko hubaki na mstari uonyeshao kimo cha maji, na udongo ulioshika matofali chini ya mstari huo si udongo ule uliokuwako zamani. Mstari ule ni hati. Aipakaye rangi kisha akapangisha chumba kwa mgeni asiyejua habari za mto amefanya jambo ambalo neno ukarabati halilistahili.

Asili ya mchezo huu wote ni nini? Wako wasemao ni umaskini, na wengine wasema ni tamaa. Vyote viwili vimo, lakini hakuna kilicho na nguvu kama desturi ya kudai kodi ya miezi 6 au ya mwaka mzima kabla mpangaji hajaingia. Mahali ambapo kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, nyumba hulazimika kuwa njema kila mwezi. Mahali ambapo hulipwa kwa mwaka, nyumba yatakiwa kuwa njema siku moja tu, siku ya kutazamwa. Fedha zikishatoka, mpangaji hana tena kitu cha kusemea. Dalali, ambaye aghalabu hujipatia kodi ya mwezi mmoja kwa kazi yake, hana sababu ya kuonyesha ufa. Kijana aliyehamishiwa Mikumi hubisha hodi, akasema, "Shikamoo, mama." Hujibiwa, "Marahaba, mwanangu, karibu. Chumba kimepakwa rangi juzi tu." Haulizi kilichofanya kipakwe. Kumhoji mtu aliyemwita mama huonekana utovu wa adabu, na hivyo adabu njema ya watu hufanywa pazia la ukuta mbovu.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yahesabu kuwa kila mkataba wa pango una ahadi fulani ndani yake, hata kama hazikuandikwa. Mwenye nyumba apangishaye sehemu ya jengo ana wajibu wa kutunza paa, kuta kuu na mifereji mikuu. Na nyumba au chumba cha kukaa watu sharti kifae kukaliwa tangu pango lianzapo na muda wote wa pango. Mpangaji kwa upande wake hurudisha nyumba katika hali aliyoikuta, ila hadaiwi uchakavu wa matumizi ya kawaida, wala madhara ya moto, mafuriko au ajali isiyotokana na uzembe wake. Basi yule mwenye kipande cha sabuni huenda anaficha jambo ambalo sheria imekwisha kumsamehe. Hajui, na si ajabu. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 tu Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na mahakama. Tena ile sheria ya kuzuia kodi za nyumba ya mwaka 1984, iliyokuwa na mabaraza yake, ilifutwa mwaka 2005, na namna ya kulipa ikaachwa kwa mapatano ya mwenye chumba na asiye na chumba.

Hapa ndipo rangi idhurupo zaidi ya kudhuru ukuta. Hali aliyoikuta mpangaji ndiyo mizani ya haki baina ya wawili hawa, na mizani hiyo imefunikwa na wote wawili. Wakifika mbele ya baraza la ardhi na nyumba, kila mmoja ataapa juu ya ukuta ambao hakuna aliyeuona uchi.

Watetezi wa rangi watasema kwamba mjane mwenye vyumba vinne, ambaye kodi ndiyo chakula chake na ada za shule za wanawe, hawezi kubomoa na kujenga upya. Ni kweli, wala hapana amwambiaye abomoe. Lakini wateteao rangi kwa jina la mjane humfanya anunue kitu kile kile kila mwaka. Mfereji wa kuondoa maji ya paa yasisimame karibu na ukuta wataka jembe na siku moja ya kazi. Ukingo wa mawe na udongo ulioshindiliwa chini ya ukuta huzuia matone ya mvua yasiule. Ukuta wa udongo huzibwa kwa udongo na kupakwa chokaa, ambayo huacha ukuta upumue na ni nafuu kuliko rangi ya dukani. Na penseli ni nafuu kuliko vyote: mistari miwili midogo huchorwa kwenye ncha za ufa, tarehe ikaandikwa kando, na mwenye nyumba na mpangaji wakatia sahihi karatasi moja isemayo ufa ulifika wapi siku ya kuingia. Ufa usiovuka alama zake baada ya masika umelala, nao utiwe kiraka bila haya. Ukizivuka, au mlango ukaanza kukataa kufunga, au ukuta ukatokeza tumbo kuelekea nje, jambo limekwisha toka katika mamlaka ya udongo na chokaa. Hapo aitwe fundi autazame msingi, na kodi ya miezi iliyobaki irudishwe kwa aliyeilipa.