Mgeni wa Kilwa Asiishie Kisiwani

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kila mwaka wanafunzi wa somo la Historia katika shule yetu hupelekwa Kilwa. Safari hii ni njema, wala siandiki kuipinga. Naandika kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Kilwa Masoko, na nadhani wageni wetu hawaonyeshwi vya kutosha. Hufika asubuhi, huvuka maji kwenda Kisiwani, hupiga picha mbele ya Msikiti Mkuu, na alasiri wamekwisha kupanda basi kurudi shuleni. Wafikapo bwenini husema kwamba wameiona Kilwa. Maoni yangu ni kwamba wameona sehemu moja tu ya Kilwa, tena ile yenye sifa.

Msomaji asiyepajua kwetu na afahamu kwamba Kilwa ni tatu. Kuna Kilwa Kisiwani, uliko mji wa kale. Kuna Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya, ambako mgeni hupata kibali cha kwenda kutazama magofu. Na kuna Kilwa Kivinje, mji mkongwe wa pwani ya bara, ulio mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka Masoko. Zaidi ya hizo, upande wa kusini kuna kisiwa cha Songo Mnara, na upande wa kaskazini magharibi kuna vilima vya Wamatumbi. Mtu akitaka kuijua Kilwa lazima aziunganishe habari za mahali hapo pote.

Nitaanza na Kisiwani, maana hapana ubishi kwamba mgeni aanze huko. Ng'ambo hiyo ni kiasi cha kilomita 2 tu kutoka Masoko, lakini ni heri kuvuka asubuhi mapema kabla upepo haujapata nguvu. Miezi ya masika, yaani Machi hadi Mei, haifai kwa safari hii. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa katika karne ya 11, ukapanuliwa sana katika karne ya 14. Mwendo mfupi kutoka hapo, juu ya jabali linalotazama bahari, yako magofu ya Husuni Kubwa, jumba la kifalme lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe 8. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyopata kuiona. Wakati huo dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa watu wa Kilwa, na masultani walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Sarafu 5 za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Sisi tuliosoma kwamba Afrika ilingoja kugunduliwa na wageni tuna haki ya kujivunia habari hizi.

Lakini fahari peke yake haitoshi kumfundisha mtu. Wanafunzi wakifika kwenye jumba la Makutani huambiwa habari za ukubwa wake na unene wa kuta zake. Ni mara chache waambiwe mambo yaliyokuwa yakifanyika Kilwa katika karne ya 18, jumba hilo lilipokuwa makao ya sultani. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alifanya mkataba na mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice, akaahidi kumpatia watumwa 1000 kila mwaka. Watumwa hao walikuwa watu wenye mama na baba, wengi wao kutoka bara, katika nchi zile ambazo leo baadhi ya wenzetu darasani huziita kwao.

Hapo ndipo umuhimu wa Kivinje unapoonekana. Katika karne ya 19 biashara ilihama kisiwani ikaenda Kivinje, na mji ule ukawa mwisho wa njia ndefu ya misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa. Pembe za ndovu zilifika pale, na watu waliofungwa minyororo wakafika pale, kisha wakapakiwa vyomboni kupelekwa Unguja. Kivinje hakuna jumba la kifalme la kupigia picha. Kuna nyumba za kale zenye milango ya nakshi inayooza, kuna Boma la Wajerumani linaloelekea baharini, na kuna wavuvi na wachuuzi wa samaki wakiendelea na kazi zao katikati ya magofu. Nadhani ndiyo sababu safari za shule hupita Nangurukuru zikaenda moja kwa moja Masoko, kana kwamba Kivinje hakuna kitu.

Hali kuna kitu kikubwa. Kivinje ndipo ulipokuwa Mwembe Kinyonga. Katika mwembe huo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, baada ya kupigana nao. Walinyonga na wengine hapo wakati wa Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907. Hata hospitali ya wilaya iliyoko Kivinje inaitwa Kinyonga. Jina tunalitamka kila siku mgonjwa anapopelekwa kutibiwa, na watoto wengi hawajui lilitoka wapi.

Na chanzo cha vita hivyo hakiko mbali. Kiko Nandete, katika vilima vya Wamatumbi, humo humo wilayani Kilwa. Huko ndiko watu waling'oa miche ya pamba mwezi wa Julai 1905, kwa kuchoka kulimishwa zao lisilowapa chakula wala malipo ya haki. Karibu na hapo kuna pango kubwa la Nang'oma, ambamo wazee husema watu walijificha wakati wa vita. Vita hivyo vimo katika vitabu vyetu vya Historia, nasi tunavikariri kwa ajili ya mtihani. Lakini tunapita karibu na mahali vilipoanzia bila hata kugeuza shingo. Je, hilo si jambo la kushangaza?

Najua yako mambo yatakayosemwa kinyume cha maoni yangu. La kwanza ni gharama. Wazazi wetu wengi ni wakulima na wavuvi, na mchango wa safari ya siku moja ni mzigo tayari. Najibu kwamba gharama kubwa ni ya basi, na basi hulipiwa kwenda na kurudi vilevile, tulale au tusilale. Tukilala usiku mbili katika madarasa ya shule iliyoko wilayani, na kila mtu akachukua mkeka wake na unga wake, ongezeko litakuwa dogo. Kama hata hilo haliwezekani, basi safari na ifanyike mwaka mmoja na kuachwa mwaka mwingine, lakini ikifanyika iwe kamili.

La pili ni usalama wa baharini. Kwa habari hii nakubaliana kabisa na wenye hofu. Songo Mnara ni mbali, na maji yakipwa mgeni hulazimika kushuka chomboni na kukanyaga tope la mikoko hadi nchi kavu. Magofu yake ni mazuri ajabu, lakini kwa kundi la wanafunzi 50 sishauri. Wachache wakienda na familia zao wakati wa likizo, kwa chombo kizima na nahodha anayeijua bahari, hapo sawa. Kivinje na Nandete hazihitaji kuvuka bahari.

La tatu ndilo zito, nalo husemwa kwa sauti ya chini. Yuko mzazi aliyepata kuniambia kwamba habari za utumwa zisitangazwe mbele ya watoto, maana zitawagawa. Namheshimu mzee huyo, na najua anachokiogopa. Kwetu mtu hapendi kusema kwamba babu yake aliuzwa, wala mwingine hapendi kusema kwamba babu yake aliuza. Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Kivinje, na nilipomwuliza asili yetu alinijibu, "Sisi ni watu wa hapa hapa, mjukuu wangu," kisha akanituma maji. Sikumwuliza tena. Hata hivyo naona kwamba kunyamaza hakujatuunganisha. Matusi ya asili za watu yangalipo mabwenini, na yule atukanwaye hana la kujibu kwa kuwa hakufundishwa. Kama tungesimama pamoja Kivinje, mwalimu akatueleza wazi nani aliuza, nani alinunua na nani aliteseka, nadhani tungeona haya kutukanana kwa jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitenda.

Sasa nitoe shauri la safari yenyewe. Siku ya kwanza wageni wafikie Masoko, wapate kibali, kisha asubuhi ya siku ya pili wavuke Kisiwani na kukaa huko hadi adhuhuri. Jioni waende Kivinje na kutembea mjini kwa miguu. Siku ya tatu, njia ikiwa kavu, waende Nandete, ndipo warudi shuleni. Kila mahali wachukue mwenyeji wa kuwaongoza na wamlipe. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," lakini sijui mwenyeji atapona vipi ikiwa mgeni huja na maji yake, chakula chake na maneno yake, akaondoka asinunue hata dafu.

Kadhalika mgeni ashike adabu. Kisiwani ni kijiji chenye watu, na watu hao ni Waislamu kwa wingi, hivyo avae mavazi ya heshima na asipige picha za watu bila ruhusa. Asiokote vigae wala sarafu, na asiandike jina lake ukutani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa jinsi yalivyokuwa yakibomoka. Yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya kuyatengeneza. Kijana apandaye ukuta ili apigwe picha anairudisha nyuma kazi hiyo.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu wa Historia na kamati ya wazazi walifikirie jambo hili kabla ratiba ya mwaka ujao haijapangwa. Mimi sitakuwapo, nitakuwa nimekwisha kumaliza masomo. Lakini wadogo zangu wa Kidato cha Pili watakuwapo, na ningependa waujue Mwembe Kinyonga kama wanavyoujua Msikiti Mkuu.