Redio za wakulima zisiwaache watayarishaji wasioona

Mkulima anayesikiliza kipindi cha kilimo kwa redio ndogo akiwa shambani hana nafasi ya kuuliza mara ya pili. Mtaalamu akitaja mililita sitini za dawa kwa bomba moja la kupulizia, huku nyuma yake pampu ya maji ikinguruma, msikilizaji anaweza kusikia tisini. Tofauti hiyo ni fedha, na wakati mwingine ni zao lenyewe.

Kusafisha sauti za namna hiyo ni kazi ambayo mtu asiyeona huimudu sawa na mwenzake anayeona. Vifaa vipo, na baadhi havina gharama. NVDA, programu inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye kompyuta, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, na hutolewa bure. Audacity, ya kuhariri sauti, nayo ni ya bure. Mtayarishaji husikiliza, hubonyeza kitufe kimoja pale msemaji aliponyamaza na kingine anapoanza tena. Programu huijua kelele kutokana na sekunde hizo chache, kisha huipunguza katika mahojiano yote. Mvumo wa umeme, ambao Tanzania huanzia hezi 50, huusaka kwa sikio: hukuza sehemu nyembamba ya sauti, huisogeza taratibu mpaka mvumo ujitokeze wazi, halafu huikata hapo hapo. Mwenye macho huusaka kwa picha.

Hata hivyo, usafishaji una kiwango chake, kama mbolea. Ukizidi, sauti za s, f na sh humezwa kwa kuwa zinafanana na kelele, na msemaji husikika kana kwamba yumo ndani ya pipa. Sitini na tisini zinachanganyika upya. Kwa hiyo tiba rahisi kuliko zote hufanyika kabla ya kurekodi. Pampu izimwe kwa dakika kumi. Kipaza sauti kikisogezwa kutoka sentimeta 60 hadi 15 mbele ya mdomo, sauti ya msemaji hupanda kwa takriban desibeli 12 juu ya kelele, bila kulipa senti. (Waandishi wanaotumwa vijijini wangeelezwa hili kabla ya kupewa posho.)

Mambo huharibika kwenye manunuzi. Mwenye kituo analeta programu mpya iliyojaa vitufe vya picha visivyo na majina, vinavyofanya kazi kwa mausi tu. NVDA haina cha kusoma, na mtu aliyekuwa akitoa vipindi kila wiki anaonekana mzigo. Watu husema ulemavu ndio kikwazo, wakati kikwazo ni ankara iliyolipwa bila swali kuulizwa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia tatu ya watu wenye ulemavu. Kituo kidogo cha wilayani kinaweza kuwa chini ya idadi hiyo, hivyo sheria haitakigusa. Hesabu ya fedha itakigusa. Wamiliki, pamoja na wafadhili wanaowanunulia vifaa, wamkalishe mtayarishaji wao na kibodi peke yake kwa nusu saa, asafishe mahojiano yaliyorekodiwa shambani, ndipo hundi isainiwe.