Vitabu vya Nyumbani: Nyani na Mzimu

Juma hili twavisifu vitabu viwili vya zamani tulivyomaliza kuvisoma upya.

Katika Adili na Nduguze, alichotoa Shaaban Robert mwaka 1952, liwali mwenye huruma huwapiga nyani wawili kila usiku, naye huku akiwahurumia. Kwa nini? Hatusemi. Majini ya humo ni majini kweli, wala mwandishi hayaonei haya. Hata hivyo kinachotisha zaidi ni husuda iliyoingia katika nyumba moja. Hapo msomaji huweza kujikuta amekitua kitabu na kuwaza juu ya jamaa zake mwenyewe.

Mohamed Said Abdulla ameshika njia nyingine katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Maiti ya Bwana Ali imekutwa penye mzimu, mahali ambapo hofu peke yake ingetosha kukomesha maswali. Bwana Msa, mvuta kiko, hatafuti pepo. Atafuta mkono wa binadamu. Mazungumzo yake pengine ni marefu mno, lakini mvumilieni.

Wenye watoto waanze na Adili, wakisome kwa sauti baada ya chakula cha usiku. Cha pili ni cha wakubwa, na atakayemtangulia mwenzake asimtajie muuaji.