Arubuni Ikae kwa Nani?

Mjomba, Shangazi, na nyote mnaotafuta nyumba ya Nyali,

Tangu mpate habari kwamba niliacha kununua nyumba huku Dallas na arubuni nikarudishiwa, naona mmenifanya shahidi wa uaminifu wa Wamarekani. Hapana, jamani. Yule muuzaji alikuwa na tamaa kama muuzaji yeyote, na lau pesa zingekuwa mfukoni mwake, sijui kama ningeziona tena.

Hazikuwa kwake. Hapa Texas arubuni, mara nyingi kama asilimia 1 ya bei, huwekwa kwa kampuni inayohakiki hatimiliki, isiyo ya muuzaji wala ya mnunuzi. Kando yake mnunuzi hulipa ada ndogo ya kupewa muda: siku saba, siku kumi, kama mlivyopatana. Katika siku hizo anaweza kujitoa kwa sababu yoyote, hata bila sababu. Nami nikaleta mkaguzi. Udongo wa Dallas ni wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha hufura, jua likikaza hunywea, na misingi ya nyumba hupasuka. Msingi wa ile nyumba ulikuwa umepasuka. Nikaandika notisi ya kujitoa. Ile ada ndogo ikapotea, arubuni ikarudi. Na lau muuzaji angenyamaza asitie sahihi? Mkataba wa kawaida wa huku unasema upande mmoja ukidai kwa maandishi, na mwingine usipopinga kwa maandishi ndani ya siku 15, kampuni inaweza kuzitoa pesa.

Sasa nije kwenye mkataba mlionitumia wa ile nyumba ya Nyali, inayouzwa ikiwa bado kwenye ramani. Bei sina neno nayo. Kinachonikera ni kile kifungu kwamba mkijitoa mtarudishiwa pesa baada ya nyumba kupata mnunuzi mwingine. Atapatikana lini huyo? Na akipatikana, nani atawaambia? Arubuni yenu itakuwa imeshageuka saruji na vyuma vya ghorofa ya tatu. Mimi naona huko ni kumkopesha mjenzi bila tarehe ya kulipwa.

Wala si kwamba Kenya haina utaratibu. Kanuni za mauzo za Chama cha Mawakili zinataka arubuni, kwa kawaida asilimia 10, ikae kwa wakili wa muuzaji akiwa ameishika kwa niaba ya pande zote mbili, si kwa niaba ya mteja wake peke yake. Lakini wanaouza nyumba zikiwa bado kwenye ramani aghalabu huzifuta kanuni hizo kwa mstari mmoja na kutaka pesa ziingie moja kwa moja kwenye akaunti yao. Hayo ni mapatano tu, na kabla ya sahihi hubadilishwa.

Mjomba, unasema arubuni ikishatoka hairudi, ndivyo tulivyozoea. Sokoni, naam. Lakini sisi ni Mashafii, na fiqhi ulitusomesha wewe: muuzaji kuila arubuni kwa kuwa mnunuzi kajitoa hakukubaliki kwa Shafii wala kwa wanazuoni wengi. Aliyeruhusu ni Imamu Ahmad bin Hanbal. Usituhamishe madhehebu kwa ajili ya kampuni ya ujenzi!

Shangazi, lile shamba unalonunua ni jambo jepesi zaidi. Ardhi ya kilimo iliyo chini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi haiuziki bila idhini ya bodi, na maombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Idhini isipopatikana mauzo ni batili, na ulicholipa ni deni unaloweza kulidai mahakamani. Weka risiti zako.

Kuhusu Nyali, tafuteni wakili wenu wenyewe, si yule mliyeonyeshwa na kampuni. Akifute kile kifungu, aandike badala yake kwamba pesa zitarudi ndani ya siku 60 tangu notisi ya kujitoa, mnunuzi mwingine awe amepatikana au hajapatikana. Na arubuni ikae kwenye akaunti ya wakili wa muuzaji, kama kanuni zinavyotaka. Wakiikubali tarehe wakaikataa akaunti, nipigieni tuzungumze. Wakikataa yote mawili, nyumba Nyali ni nyingi, na fungu langu la pesa silitumi.

Mpwa wenu,
Dallas