Kitanzi Kisichokazwa Wala Kufunguliwa

Sheria ya Tanzania Bara ina adhabu mbili kwa mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Ya kwanza imeandikwa katika kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, nayo ni kifo kwa kunyongwa. Ya pili haikuandikwa popote, haikujadiliwa na Bunge lolote, wala hapana jaji aliyepata kuitamka. Nayo ni kukingoja kifo hicho pasipo kuijua siku yake. Tangu mwaka 1994 adhabu ya kwanza haikutekelezwa hata mara moja. Ya pili hutekelezwa kila usiku unaokucha. Wengi huisifu hali hii kwa jina la huruma. Makala haya yanakana sifa hiyo: hali hii si huruma wala si sheria, na taifa linalojiheshimu halina budi kuiondoa.

Pana mahali pafaapo sana kulifikiria jambo hili, napo ni Lushoto. Huko, katika ubaridi wa milima ya Usambara, kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1998. Vijana huiacha njia kuu ya Tanga pale Mombo, wakapanda kwa Soni, wakafika juu kujifunza kazi ya mahakama. Na mahakimu na majaji waliokwisha kushika kazi hupandishwa huko huko kuongezewa maarifa. Somo la kwanza na la mwisho la kazi hiyo ni kupima: kupima ushahidi, kupima kosa, kupima mkosaji. Lakini wafikapo kwenye kosa la kuua kwa kukusudia, mizani huondolewa mezani. Kesi ya namna hiyo huanzia kwa hakimu wa wilaya, kisha hupelekwa Mahakama Kuu. Na jaji akishasema kuwa mshitakiwa ana hatia, sheria humwachia neno moja tu la kutamka. Mwanamke aliyemwua mumewe baada ya miaka ya kipigo, na jambazi aliyemvizia msafiri porini kwa tamaa ya fedha, wote wawili, maadamu kusudi limethibitika, hupewa neno hilo hilo. Ajabu ni kwamba sheria hiyo hiyo huiamini busara ya jaji katika kuua bila kukusudia. Hapo aweza kumfunga mtu maisha, au kumpa kifungo kifupi, au kumwachilia kwa masharti. Busara yake hutosha penye jambo dogo, ikahesabiwa kuwa haitoshi penye jambo kubwa kuliko yote.

Marehemu Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, katika Kusadikika, kitabu kilichotolewa mwaka 1951, alimsimamisha Karama mbele ya baraza hali roho yake imo hatarini, akampa siku kadhaa za kusema kabla hukumu haijakatwa. Ilikuwa nchi ya kubuni, yenye viongozi wengi waliopotoka. Hata hivyo ilisikiliza. Mshitakiwa wa kweli katika nchi ya kweli husikilizwa juu ya swali moja: aliua au hakuua. Juu ya swali la pili, kama afe au asife, hasikilizwi, kwa kuwa jibu lilitiwa wino kabla yeye hajazaliwa.

Wako wanaosema kwamba adhabu hii ni mila ya wazee, na kwamba kuikataa ni kufuata mawazo ya wageni. Historia ya Usambara yenyewe yawajibu. Ni kweli kwamba Wakilindi waliokaa Vuga walikuwa na mamlaka ya uhai na mauti juu ya raia zao, na haifai kuyapamba mamlaka hayo yaonekane kuwa yalikuwa ya upole. Lakini kitanzi cha serikali kilipanda milima ile pamoja na Wajerumani. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja na mjukuu wa Kimweri ye Nyumbai, kwa sababu alikuwa ameamuru mtu auawe. Maana ya tendo lile haikuwa kwamba roho ya mtu ni kitu kisichotolewa na mtawala. Maana yake ilikuwa kwamba mtoaji wa roho sasa ni mwingine. Pwani ilikuwa imekwisha kulijua somo hilo tangu tarehe 15 Desemba 1889, Abushiri bin Salim aliponyongwa Pangani. Na kusini walifundishwa mwaka 1906, viongozi wa Vita vya Maji Maji waliponyongwa Songea. Waingereza walipochukua nchi waliandika Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1930, na Uhuru wa mwaka 1961 uliikuta mezani ukairithi. Bendera ilibadilishwa, wimbo ukabadilishwa, jina la mji wa Wilhelmstal likafutika likabaki Lushoto; kitanzi kikabaki na fundo lile lile. Anayekitetea kwa jina la mila anatetea urithi wa gavana.

Wala si kweli kwamba majaji wa nchi hii hawakuliona jambo hili. Mwaka 1994, katika kesi ya Mbushuu na mwenzake, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, lakini kwa namna inayostahili kukumbukwa: ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, ya kinyama na ya kutweza, kisha ikaiacha isimame juu ya ibara ya 30, inayoruhusu haki za mtu kuwekewa mipaka kwa manufaa ya umma. Kwa maneno mengine, mahakama ya juu kuliko zote nchini ilikubali kuwa jambo ni la kinyama, ikasema kwamba unyama huo una ruhusa. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba sheria isiyomwachia jaji hiari inavunja haki ya kuishi, ikaiagiza Tanzania iiondoe. Mwezi ule ule Serikali ilitoa taarifa ya kuliondoa tamko lililowawezesha watu binafsi kuiendea mahakama hiyo moja kwa moja. Nyumba ilipoelezwa kuwa paa linavuja, ilifunga mlango wa fundi.

Na itazamwe sasa ile adhabu isiyoandikwa. Aliyehukumiwa hukata rufani. Rufani ikishindwa, karatasi zake hupelekwa kwa Rais, ambaye kwa ibara ya 45 ya Katiba aweza kusamehe au kuigeuza adhabu iwe nyepesi. Aweza pia kutia sahihi hati ya kunyongwa. Aweza tena kutofanya lolote; na hili la tatu, ambalo halihitaji wino, ndilo ambalo limekuwa desturi. Hapana siku iliyowekwa ya mwisho. Mamia ya watu hukaa hivyo, mwaka hata mwaka, katika sehemu ya gereza iliyotengwa kwa waliohukumiwa kufa. Wenye mapenzi na methali husema kuwa subira huvuta heri. Lakini subira ni ya mtu anayejua anachokingojea na anayeweza kukitarajia. Ya hawa si subira. Methali yao ni ile nyingine, ya ngojangoja iumizayo matumbo.

Adhabu hii haimpati mfungwa peke yake. Mama wa Usambara ambaye mwanawe amehukumiwa hivyo huwa ameingia katika hali isiyo na jina. Mtu akifa, Waswahili huweka matanga; na matanga, hata yakiwa mazito namna gani, yana siku ya kuanuliwa, watu wakaoga, wakarudi mashambani. Matanga ya aliye hai hayaanuliwi. Mama huyo hawezi kumwombea mwanawe kama marehemu, wala hawezi kumtazamia kama msafiri. Yeye hakuua mtu, wala hakushitakiwa. Hata hivyo anatumikia sehemu ya hukumu, na hapana mahakama ya kumpokelea rufani.

Mahakama za nchi nyingine zimekwisha kulipa jambo hili jina lake. Mwaka 1993 Baraza la Faragha la London, katika kesi ya wafungwa wawili wa Jamaika, lilisema kwamba kumnyonga mtu baada ya kumngojesha zaidi ya miaka mitano ni kumtendea unyama. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, iliifuta adhabu ya lazima, ikaamua pia kwamba mfungwa asiponyongwa ndani ya miaka mitatu tangu rufani ya mwisho, hukumu yake hugeuka kuwa kifungo cha maisha. Mwaka huo huo Rais Mwai Kibaki wa Kenya aliwabadilishia hukumu wafungwa zaidi ya 4,000 kwa siku moja, akitaja mateso ya kungoja kuwa sababu mojawapo; na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Muruatetu, iliwarudishia majaji mizani yao. Rwanda iliifuta adhabu yenyewe mwaka 2007, na Burundi mwaka 2009. Hizi zote ni nchi za jirani, zenye damu nyingi katika historia zao. Hapana atakayesema kuwa hazijui uchungu wa kuuawa.

Watetezi wa kitanzi wana hoja tatu, na kila moja yastahili jibu. Ya kwanza ni ya jamaa wa aliyeuawa, na uchungu wao hauna wa kuudharau. Lakini jamaa hao ndio wa kwanza kutajwa na wa mwisho kuulizwa. Huambiwa kwamba mwuaji atanyongwa, naye hanyongwi. Huahidiwa mwisho, na mwisho hauji. Wale wanaoleta hoja hii kwa jina la dini wakumbuke kwamba sheria ya Kiislamu inayotaja kisasi humpa mrithi wa damu mlango wa kusamehe na kupokea dia, na Kanuni ya Adhabu haina mlango huo. Na Biblia inayotaja jicho kwa jicho ndiyo inayosimulia kuwa Mungu alimtia Kaini alama ili asiuawe na yeyote.

Hoja ya pili ni kwamba kitanzi hutia hofu. Ikiwa ni hivyo, basi kinatia hofu bila kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 30. Kila mtu aliyejizuia kuua katika muda huo alizuiwa na dhamiri yake, au na mafundisho ya nyumbani, au na woga wa kukamatwa na kufungwa. Hakuzuiwa na kamba ambayo hakuiona ikitumika. Na kila aliyeua katika muda huo, kamba haikumzuia.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa husemwa na watu wema. Husema: iacheni sheria ilivyo, maadamu Marais hawatii sahihi. Ni kweli kwamba Rais Mkapa na Rais Kikwete hawakuwanyonga watu. Na ni kweli kwamba Septemba 2017, alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu, Rais John Magufuli alisema hadharani kuwa hataki kupelekewa majina ya watu wa kunyongwa. Maneno hayo yalikuwa ya kiutu. Lakini yatafakariwe. Kiongozi wa nchi anaposema kwamba moyo wake hauwezi kuitimiza sheria ya nchi, aliyehukumiwa hapo ni sheria. Na huruma inayokaa ndani ya moyo wa mtu mmoja huondoka na mtu huyo. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo watu walikaa miaka 20 wakiamini kwamba kunyonga na kupiga risasi waliohukumiwa kumekwisha. Machi 2024 Serikali ikatangaza kwamba kusitishwa huko kumeondolewa. Halikuhitajika Bunge, wala kura ya wananchi, waraka ulitosha. Hapa Tanzania hata waraka hauhitajiki. Karatasi zimekwisha kupangwa, na kalamu moja yaweza kuzipitia zote asubuhi moja kabla ya chai.

Yatakiwayo ni mambo matatu, wala si magumu. Kwanza, Rais atumie mamlaka aliyokwisha kupewa na ibara ya 45, awabadilishie hukumu wote wanaongoja. Pili, Bunge lifute neno la lazima katika kifungu cha 197, ili jaji arudishiwe kazi aliyofunzwa. Tatu, adhabu yenyewe iondolewe katika vitabu, kwa kuwa nchi ambayo haina nia ya kuitimiza haina haki ya kuitishia. Mwuaji afungwe, afungwe maisha, ikiwa kosa lake lastahili hivyo, naye ajue kwamba hiyo ndiyo adhabu yake, na mama yake ajue, na jamaa wa marehemu wajue. Kujua ni haki ndogo, lakini ndiyo inayoitofautisha hukumu na mateso. Mpaka hapo, kila darasa linaloteremka kutoka Lushoto kwenda kuhudumu mahakamani linakwenda kuitumikia hukumu ambayo aliyeitunga sheria haitaki, anayeitamka hakuichagua, na aliyepewa kuitimiza anaikimbia.