Tupande Mawaridi Yaliyokwisha Kutuzoea



Jumamosi mkutano wetu utaulizwa kama fedha za mfuko wa ushirika zitoke kununua miche 40 ya mawaridi kutoka mjini, mingine ipandwe mbele ya ghala na inayobaki igawiwe majumbani. Sisi wa ofisi ya tawi hatuna ugomvi na maua. Wapo wanaosema eti maua ni anasa ya wakubwa, na waridi haliliwi. Maneno hayo tumeyachoka. Mtu hawezi kutazama mahindi tu tangu asubuhi mpaka jioni, na isitoshe, lugha yetu yenyewe imelipa ua hilo heshima ya kuitia jina rangi yake. Ugomvi wetu ni juu ya hiyo miche ya kununua.

Mnakumbuka masika ya mwaka jana gari lilipanda huku milimani limejaa miche kwenye mifuko ya nailoni. Muuzaji alikuwa na picha kwenye simu, maua makubwa kama sahani, mekundu, ya manjano, mengine ya zambarau. Watu wakatoa elfu tano tano. Mtaa wa kisimani peke yake ulinunua miche 12. Leo imebaki 3, na katika hiyo 3 mmoja unatoa vijiua vidogo vyeupe ambavyo hakuna aliyevinunua. Mama mwenye mche huo anasema amebadilishiwa ua kwa uchawi.

Hakuna uchawi, ndugu. Mche ule ulikuwa umebebeshwa. Juu ni waridi la kwenye picha, chini ni shina la mwaridi mwingine wa porini, wenye mizizi mikali. Chipukizi likitoka chini ya kile kifundo cha kiungo, ni la yule wa porini, na usipoling'oa mapema litamnyima chakula yule wa juu mpaka afe. Kubebesha si kosa, hata maembe na maparachichi tunabebesha. Kosa ni kuuza mche bila kumwambia mnunuzi kifundo kiko wapi na akifanyeje. Tena vile vibao vya majina vilikuwa vya lugha ngeni. Sisi tuliojifunza kusoma darasa la watu wazima tulivisoma herufi kwa herufi, tusipate kujua kama mti ni wa kutambaa au wa kusimama.

Halafu tujiulize, mawaridi yale makubwa yamezalishwa kwa kazi gani? Mengi ni ya namna ya yale yanayolimwa Arusha na kule Naivasha, Kenya, ndani ya mabanda ya nailoni, yapelekwe Ulaya kwa ndege. Yamechaguliwa yawe na kikonyo kirefu, yavumilie safari na yakae siku nyingi kwenye chombo cha maji. Harufu haikuwa shida ya mwenye kuyazalisha, ndiyo maana mengi ukiyanusa ni kama kunusa karatasi. Kule yana paa, yana maji ya bomba tone kwa tone, yana mtu wa kupiga dawa. Hapa kwetu yana ukungu wa asubuhi na mbuzi wa jirani.

Ukungu huo ndio adui mkubwa. Kuna ugonjwa wa madoa meusi, jani linapata alama kama za masizi, linageuka manjano na kudondoka, mti unabaki miiba mitupu. Jani likikaa limelowa kwa muda wa saa 7 hivi, ugonjwa umeshaingia. Na huku Usambara, nani asiyejua majani yanakauka lini?

Jina zuri nalo lisitudanganye. Liko waridi mashuhuri la manjano lenye kingo za rangi ya waridi, lililozalishwa Ufaransa na Francis Meilland, likaitwa Peace, yaani Amani, mwaka 1945 vita vilipokuwa vinamalizika Ulaya. Wajumbe waliokutana San Francisco mwaka huo kuunda Umoja wa Mataifa walipewa kila mmoja ua lake. Ni historia nzuri na sisi tunaipenda. Lakini waridi hilo hushikwa upesi na madoa meusi, na amani yake kwenye ukungu wetu itakuwa fupi.

Mwenzetu mmoja mwenye jamaa Oman anataka tuagize waridi la kule Jabal Akhdar, linalotolewa marashi. Wale nao wanalima kwenye matuta ya mlimani kama sisi, kwa hiyo wazo si la kuchekwa. Ila mwaridi ule unataka baridi kali ya kuulaza usingizi, halafu unachanua majuma machache tu mwezi wa 4 hivi, basi, mpaka mwaka mwingine. Wao wamechagua wa kwao. Na sisi tuchague wa kwetu.

Wa kwetu upo. Tazameni nyumba za wazee wetu, ule mwaridi mfupi wa maua ya rangi ya waridi, si makubwa, lakini yanatoka mfululizo. Kwa tabia ni wa ukoo wa mawaridi ya China, ambayo hayapumziki. Ulaya yenyewe mawaridi mengi yalikuwa yakichanua mara moja kwa mwaka, mpaka yale ya China yalipofikishwa kule karne ya 18 na kuchanganywa nayo. Miti hiyo ya wazee imekaa miaka mingi bila dawa, na imesimama kwa mizizi yake yenyewe. Mbuzi akiikata mpaka chini, kinachochipua ni kile kile. Cheti gani kinazidi hicho?

Kazi yake ni hii. Chukua tawi lililokwisha kutoa ua, unene wa penseli, kata kijiti cha urefu wa shibiri moja chenye macho manne. Ondoa majani ya chini, kizamishe theluthi mbili kwenye udongo wenye mchanga, kivulini, usiuache ukauke. Baada ya majuma 6 hadi 8 mizizi inakuwa imetoka. Usikivute kila siku kutazama! Si vyote vitashika, kwa hiyo kata vingi. Ukihamisha, chimba shimo la futi moja na nusu, tia samadi iliyooza sawasawa, mahali penye jua la nusu siku. Maji yamwagwe chini, asubuhi, si juu ya majani. Na wakati wa kupogolea usiupige panga mpaka chini kama vitabu vya Ulaya vinavyosema, huku hakuna theluji ya kuulaza. Punguza kidogo kabla ya mvua, juu ya jicho linalotazama nje.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba fedha zibaki kwenye mfuko, paa la ghala linavuja. Vuli inakaribia na wazee watatu wamekwisha kubali tukate kwao. Mkutano ni saa nne asubuhi, na mwenye kisu kikali aje nacho.