Wanaokata Waya kwa Tindo

Nina ugomvi na wenzangu wa redio ya ridhaa, na afadhali niutoe wazi. Sisi tunaozungumza na dunia kwa mitambo yetu wenyewe, pasipo malipo, twapenda mno kusifia urefu wa minara. Huyu ana mita 18, yule ana 24, wa tatu anadai sauti yake yafika Japani kila alfajiri. Lakini ukiuliza ni nani aliyekata nyaya zinazoushikilia mnara huo, na alizikata kwa kifaa gani, watu huanza kutazamana. Aghalabu alizikata kijana aliyeitwa kuja kusaidia, kwa tindo na nyundo, juu ya jiwe.

Msomaji asiye wa fani hii ataniuliza: waya si waya tu, mkato una nini? Haki yake kuuliza. Mnara mwembamba wa redio hausimami kwa miguu yake. Hushikwa na nyaya za chuma pande tatu, kama mlingoti wa jahazi ushikwavyo na kamba zake. Na kila waya si uzi mmoja, bali ni nyuzi 7: mmoja katikati, na 6 zimeuzunguka kwa msokoto, zote za chuma kigumu kilichopakwa zinki. Waya wa namna hiyo wenye unene wa milimita 4.8, wa ile aina ngumu itengenezwayo kwa ajili ya minara, hustahimili mvuto wa karibu kilo 1,800 ndipo ukatike. Hiyo ni nguvu ya nyuzi 7 zinazovuta pamoja. Msokoto ukilegea, kila uzi huvuta kivyake, na ulio mfupi kuliko wenzake hubeba mzigo wa wote.

Tindo haliukati waya huo. Linauponda. Nyuzi za chini hubanwa kwenye jiwe zikawa bapa, za juu huruka, na ncha hufumuka kama ufagio wa chelewa. Mkasi mkubwa wa kukatia nondo nao una kosa hilo hilo, kwa kuwa meno yake mawili yaliyonyooka huubana waya kwanza kabla ya kuukata.

Wakubwa wetu wana hoja moja, nami sitaificha kwa sababu ni nzuri. Husema: mkia wa waya ukishapita klipu haubebi kitu chochote, basi uwe safi au uwe ufagio, mnara haujui. Ni kweli, mkia haubebi kitu. Lakini mwenye kusema hivyo anautazama waya ukiwa umekwisha kufungwa. Na aje autazame kabla. Nyaya zetu haziendi moja kwa moja kutoka mnarani hadi ardhini. Tunazikatakata na kuziunga kwa vihami vya kauri, kwa kuwa waya wenye urefu wa karibu mita 10 hugeuka kuwa antena ya pili kwenye megahezi 14, ukayaiba mawimbi na kuyapeleka usikotaka. Sasa hesabu nami. Mnara wenye ngazi tatu za nyaya, kila ngazi nyaya tatu, una nyaya 9. Ukitia vihami viwili katika kila waya, una vipande 27, na ncha 54. Kila ncha yapaswa kupita katika tundu la kihami au kuzunguka pete ya chuma, kisha irudi na kulala sambamba na mwenzake ndani ya klipu.

Ufagio haupiti tunduni. Hapo ndipo kijana yule, aliyeachwa peke yake juani, huchukua koleo akapunguza uzi mmoja unaomsumbua. Nyuzi zikabaki 6. Au husokota upya kwa mkono, kinyumenyume, mpaka ipite. Kisha klipu hufungwa, rangi hupakwa, na hakuna atakayejua. Nimeona waya wa namna hiyo katika mnara uliokuwa ukisifiwa na kila mgeni. Kijana mwingine ndiye aliyepanda juu, na alishuka na kiganja kilichochanwa na nyuzi hizo, glovu na nyama pamoja. Mwenye mnara alimwambia pole, akamwongezea nauli.

Tarehe 8 Agosti 1991 mnara wa redio wa Konstantynów, nchini Poland, uliokuwa na urefu wa mita 646 na kushinda kila kitu kilichojengwa na binadamu wakati huo, ulianguka katika kazi ya kubadilisha nyaya zake. Hakufa mtu. Sisemi uliangushwa na mkato mbaya. Nasema kwamba chuma chote kile kilikuwa kimekabidhi uhai wake kwa nyaya, na vivyo hivyo mnara wa nyuma ya nyumba yako.

Na hakuna uganga katika kukata vizuri. Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Unapima, unatia alama, unafunga utepe wa umeme kwa kukaza pande zote mbili za alama, au waya laini kama unao, ndipo unakata katikati. Ukiwa na mkasi wa kebo za chuma, ule ambao midomo yake huukumbatia waya, ni sekunde tatu. Usitumie ule wa mafundi umeme wa kukatia shaba, maana utavunja meno yake. Huna mkasi? Msumeno wa chuma wenye meno madogo utafika, ingawa mkono utachoka. Wapo wanaopenda grainda yenye jiwe jembamba, nami siwagombi: mkato wake ni safi ukipita juu ya utepe. Ila moto wake huunguza zinki, na kwetu pwani chuma kisicho na zinki hakimalizi masika moja bila kutu, basi ncha ipakwe rangi yenye zinki siku ile ile. Miwani ivaliwe. Mtu wa pili ashike upande wa pili, kwani waya uliotoka kwenye roli huruka kama nyoka ukiachwa.

Nimesikia pia kwamba mkasi huo ni ghali. Watu hawa hawa huagiza redio kutoka Japani na kulipa ushuru bila kunung'unika. Nilinunua mmoja, nao uko kwangu ukutani. Anayeutaka aje auchukue, hata usiku, mradi asiukatie misumari.